Mlinda Geti wa Reli ya Nsambya

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Kampala. Ndiyo sababu nilipigiwa simu walipotaka mtu wa kuandika maneno ya Kiswahili kwenye jiwe la kumbukumbu. Jiwe hilo lilikuwa liwekwe chini ya kilima cha Nsambya, pale barabara inapokatiza reli. Kiingereza na Kiluganda vilikuwa vimekwisha kuchongwa. Vilieleza kwamba hapo zamani palikuwa na geti, na kwamba bwana mmoja mwaminifu alilifunga na kulifungua kwa miaka mingi.

Nilitafsiri kwa nusu saa. Jioni nikamsomea baba, kwa kuwa alikuwa mtu wa reli. Alikuja kutoka kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi ya breki kwenye treni za mizigo mpaka alipostaafu, nasi tulikulia katika nyumba za reli palepale Nsambya.

Baba alizima redio. “Bwana gani huyo?”

Nikamwambia ni yule mlinda geti aliyekaa nyumba ya mwisho.

“Ile kazi alifanya bibi yake,” alisema. Katika Kiswahili cha baba, bibi ni mke. “Mzee macho ilikwisha. Alikuwa haoni hata treni. Mama alivaa koti yake, alishika bendera, alifunga geti. Sisi wote ya treni tulijua.”

“Na wakubwa?”

“Wakubwa wangejua, wangefukuza yeye na kuchukua nyumba. Sasa nani angesema?”

Namkumbuka mama yule. Alikuwa mrefu, hakupenda watoto wacheze karibu na reli, na tulimwogopa kuliko askari. Koti nalikumbuka pia. Sikuwahi kujiuliza kwa nini alilivaa hata wakati wa jua kali.

Ningeweza kuandika “mlinzi” na kuliacha hivyo, kwa kuwa neno hilo halisemi ni mume au mke. Nilimwambia baba hivyo.

“Wewe ni mwalimu,” akasema. “Andika vizuri.”

Wale wazee wawili walishafariki, lakini binti yao anauza mitumba katika soko la Nakivubo. Niliona si haki kuchonga siri ya watu kwenye jiwe bila kuwauliza. Jumamosi nikaenda. Nilimkuta akikunja suruali za watoto, nikamweleza kila kitu huku wateja wakipita kati yetu.

Aliendelea kukunja. “Baba yako amekaa nayo miaka yote hiyo?”

“Ndiyo, nyabo,” nikamjibu, kwa neno la Kiluganda la kumheshimu mwanamke.

“Basi andika. Ila usiandike kwamba baba alikuwa kipofu. Hakupenda hilo neno. Andika alikuwa mgonjwa.”

Afisa aliyesimamia kazi ya jiwe, yule aliyenipigia simu, hakufurahi. Alisema maandishi yote matatu lazima yafanane. Nikamwomba abadilishe yale mengine mawili. Akasema hayo yamekwisha kuchongwa, hayafutiki, na jiwe jingine halipo. Tulivutana karibu wiki mbili. Mwishowe aliniuliza kama kuna shahidi, nikampeleka kwa baba. Sijui walizungumza nini, kwa sababu baba aliniambia nikachemshe chai. Niliporudi na vikombe, afisa alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake, na akaniambia nimpelekee maneno yangu kesho.

Kwa hiyo jiwe limesimama pale na hadithi mbili. Kiingereza na Kiluganda vinamsifu bwana mwaminifu. Kiswahili kinasema: “Hapa palikuwa na geti la reli. Mlinzi wake alipougua, mkewe alishika kazi na kuifanya kwa miaka mingi.” Wanafunzi wangu wameniuliza ni ipi ya kweli. Nimewaambia ya Kiswahili, nao wanadhani napendelea somo langu.

Siku jiwe lilipowekwa hapakuwa na sherehe. Binti alifunga kibanda mapema akaja, nami nikamleta baba kwa gari la kukodi kwa sababu ya magoti yake. Binti alisoma Kiswahili kwa sauti, polepole, kisha akaomba nimfafanulie Kiingereza. Nilimfafanulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Hiyo waache,” akasema. “Na baba yangu naye apate sifa yake.”

Halafu akamgeukia baba. “Mzee, mama alikuwa anasimama hapa?”

“Hapana. Hapa ni upande mbaya,” baba alijibu, akaonyesha kwa fimbo ng’ambo ya reli, karibu na nguzo ya umeme. “Pale. Kutoka pale aliona treni mbali.”

Binti akavuka. Alifika penye nguzo, akageuka kutazama upande zilikotokea treni, mkoba wake kifuani. Bodaboda walimpigia honi, naye hakusogea. Baba aliegemea jiwe, nami nilisimama kando yake, tukamngoja mpaka aliporidhika na kurudi.