Mwangwi wa Jukwaa la Nyuma

Jumatano asubuhi Verna Sobczyk alisimama peke yake katikati ya uwanja wa Kettle Bend, akapiga kofi moja, na akasikia mawili.

Akadhani ni masikio ya uzee. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Pa! Kisha, kutoka nyuma yake, kana kwamba kuna mtu anamwigiza kwa dharau: pa. Alikuwa amekwenda pale kupima kwa hatua mahali pa kuweka ngazi ya kiongozi wa kikosi, maana mkaguzi wa chama cha vikosi vya ngoma alikuwa anafika Jumamosi na Verna hakutaka kubahatisha hata inchi moja. Sasa hesabu yote ya hatua ikamtoka kichwani.

Huyu Verna ni mpishi mstaafu wa shule, na kwa miaka sita alikuwa ameshika jambo moja tu: fainali ya vikosi vya ngoma na tarumbeta iletwe kwetu Kettle Bend. Aliandika barua mpaka karani wa posta akawa anamkejeli. Alihesabu kumbi za shule zote ambako vijana wangelala sakafuni, akahesabu mabafu, akahesabu sehemu za kuegesha mabasi na malori ya jikoni. Kikosi chetu wenyewe, Wawasha Taa, kilikufa zamani, na sare zake ziko kwenye masanduku chini ya kanisa, zinanuka dawa ya nondo. Verna alitaka, kabla miguu haijamgomea, aione fainali mara moja kwenye nyasi alizojifunzia kutembea kwa hatua za gwaride. Miji iliyobaki kwenye kinyang’anyiro ilikuwa miwili: sisi, na jiji kubwa la kusini lenye uwanja wa paa.

Na sasa mwangwi.

Haukuwapo zamani. Ulikuja na jukwaa jipya la nyuma, ngazi za alumini na ukuta mrefu wa bati, zawadi ya Harlan Dvorak kwa mji, na jina lake limeandikwa juu kwa herufi ambazo rubani angeweza kuzisoma. Kwa mpira ni jukwaa zuri. Lakini vikosi vya ngoma hupigia upande mmoja tu. Watazamaji wote hukaa mbele, na nyuma hakai hata paka. Harlan alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, maana ujanani ndiye aliyekuwa kiongozi wa Wawasha Taa, aliyesimama juu ya ngazi akiwaongoza wenzake kwa mikono. Alijenga hivyo hivyo. Na sasa ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya kuomba fainali.

Verna akaenda moja kwa moja ofisini kwake, viatu vimejaa umande. Alipomaliza kueleza, Harlan hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

“Najua,” alisema Harlan. “Unadhani nimewaalika watu mia nane wakae kule nyuma ili wale soseji tu? Watu na manguo yao hunyonya sauti. Tutatundika mablanketi na mabango ukuta mzima. Mkaguzi atasikia uwanja safi kabisa.”

“Na siku ya fainali? Nani atakaa nyuma akatazame migongo?”

“Siku ya fainali vikosi vitakuwa vimeshafika, Verna.”

“Vijana wale watasikia ngoma mbili, Harlan. Watavurugika mbele ya watu elfu kumi.”

“Sikiliza, mama. Miaka sita umehangaika. Usije leo ukatutilia mchanga kitumbua chetu.” Akaegemea kiti. “Tena kikosi kizuri hakibabaishwi na mwangwi. Wanaobabaika ni wapigaji wabovu, wale wa kukimbia, wanaoharakisha mdundo mbele ya wenzao. Wewe unawajua.”

Verna akatoka bila kuaga. Lile neno la mwisho lilikuwa limelengwa, na lilipata mahali pake.

Mwaka 1979 Wawasha Taa walifika fainali, mji wa mbali, uwanja wenye ukuta mrefu nyuma. Verna alikuwa na miaka kumi na tisa, anapuliza tarumbeta. Kaka yake Leonard alikuwa na ishirini na moja, mpigaji mkuu wa ngoma ndogo, na kwa kuwa ukipita ishirini na moja mlango wa kikosi unafungwa, ile ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuvaa sare. Katikati ya onyesho ngoma zikaenda huku, tarumbeta zikaenda kule, na kikosi kikasambaratika mbele ya nchi nzima. Ndani ya basi la kurudi nyumbani Harlan, aliyeongoza juu ya ngazi siku ile, alisimama akasema wazi: Leonard alikimbia. Neno likawa hilo. Leonard alikimbia. Mji mzima ulilisema, kwa kinyozi, kwenye baa, kwenye foleni ya benki, mpaka likawa kama jina lake la pili. Leonard hakushika vijiti tena. Alitengeneza matrekta miaka arobaini, akaoa, akafiwa na mke, akazeeka, na hata kwenye harusi za watu, muziki ukianza, hutoka nje kutazama magari.

Verna hakumwambia Leonard habari ya mwangwi. Siku tatu alipima aseme mbele ya mkaguzi au anyamaze. Akisema, fainali imekwenda, na mji utamla nyama. Akinyamaza, kuna kijana fulani, hamjui hata kwa sura, atapanda basi la kurudi kwao na neno moja mgongoni mpaka uzeeni. Alhamisi aliamua kunyamaza. Ijumaa aliamua kusema. Ijumaa jioni aliamua tena kunyamaza, akakaanga vitunguu vya watu mia nane huku analia, akavisingizia vitunguu.

Jumamosi saa tatu asubuhi jukwaa la nyuma lilikuwa limejaa pomoni. Watu wamekuja na mablanketi, bendera, vigari vya watoto, wengine na mbwa. Moshi wa soseji umetanda. Wazee wa Wawasha Taa, kumi na wawili waliobaki na pumzi, walikuwa wamekuja na tarumbeta zao kwa ajili ya kumkaribisha mgeni. Leonard alikuwa kwenye majiko, kwa sababu dada yake alimwomba, akigeuza soseji na mgongo ameupa uwanja.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, Bi. Odette Fairbanks, mwenye jalada kwapani na uso usiotoa siri. Alikagua mabafu, akafungua maji mwenyewe. Alikagua vyumba vya matibabu. Kila kitu alikipitisha. Mwisho akasema, “Sasa nisikilize uwanja.”

Hilo ndilo jaribio lao. Mtu anasimama nyuma kidogo ya katikati na ngoma ndogo, anapiga pigo moja, na mkaguzi anasimama kwenye ngazi ya kiongozi, macho amefumba. Mwalimu wa muziki wa shule alikuwa tayari. Akapiga.

Ta!

Sauti moja, kavu, safi. Bi. Fairbanks akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

“Vizuri sana,” alisema. “Sikutarajia.” Akafungua jalada, akatoa kalamu.

Harlan akamtazama Verna. Verna akaitazama kalamu. Akaona miaka sita iko kwenye ile ncha ya wino, na angeweza kuiacha iandike, wala hakuna ambaye angemlaumu, angalau mpaka siku ya fainali yenyewe, Agosti ya mwaka ujao.

“Waondoe watu,” alisema. Sauti ilimtoka ndogo. Akarudia kwa nguvu. “Bi. Fairbanks, omba watu washuke jukwaa la nyuma, na mablanketi yote yatolewe. Kisha usikilize tena.”

“Verna,” Harlan akasema chini chini. “Funga mdomo.”

“Watu huwa hawakai nyuma, bibi. Wewe unajua kuliko mimi. Leo tumewapanga.”

Wale waliokuwa karibu walisikia, wakawapitishia wa juu, na Verna aliona habari ikipanda ngazi kwa ngazi kwa jinsi nyuso zilivyokuwa zikigeuka. Mwanamke aliyesali naye kanisa moja miaka thelathini akamwambia peupe, “Una wazimu wewe?” Lakini mkaguzi alikuwa amekwisha kufunga kalamu. Watu wakashuka wakinung’unika, mablanketi yakavutwa, na ukuta wa bati ukabaki unang’aa juani.

Mwalimu akapiga.

Ta! … ta.

Kwenye majiko, Leonard aliacha kugeuza soseji.

“Tena,” alisema Bi. Fairbanks.

Ta! … ta.

“Ni kidogo tu!” Harlan alipaza sauti, amekuwa mwekundu mpaka masikioni. “Kikosi kinachojua kazi hakisumbuliwi na hiki! Mpigaji mzuri anashika mwendo. Mbovu ndiye anayekimbia, na hilo si kosa la uwanja. Mimi nimeongoza kikosi, nayajua haya!”

Hapo ndipo Leonard alipoweka chini koleo la soseji. Akajifuta mikono kwenye aproni, akavuka mstari wa pembeni, akatembea mpaka katikati ya uwanja. Hakuna aliyemwita wala aliyemzuia. Leonard akamnyooshea mwalimu mkono, na mwalimu akampa vijiti na ngoma kama mtu aliyeamriwa.

“Panda ngazi, Harlan,” alisema Leonard. “Kama zamani.”

“Acha mchezo, Lenny.”

“Panda. Umesema unayajua. Na nyinyi wazee, shikeni tarumbeta. Ule wimbo wetu wa kufungulia.”

Harlan akatazama huku na huku. Mji mzima ulikuwa umesimama nyasini unamngoja, na Bi. Fairbanks alikuwa ameshuka kumpisha. Akapanda. Akainua mikono, na lazima niseme, ilikuwa bado mizuri.

Wakaanza. Baa nne za kwanza, yaani vipimo vinne vya wimbo, zilikwenda sawa, wazee wanapuliza mashavu yamevimba, na mikono ya Leonard iliyolala miaka arobaini na sita ikagonga kwa kukwaruza, kisha ikanyooka. Baa ya tano Verna akakiona kitu. Hakuwa akimtazama kaka yake. Alikuwa akiitazama mikono ya Harlan. Ngoma ilifika, halafu ngoma ya bati ikafika, na ile mikono ikasita kidogo, ikaingoja ile ya pili. Kidogo tu, kama mtu anayechechemea. Wazee wa tarumbeta wakaifuata mikono. Leonard akashika mwendo uleule waliouanzia. Baa ya nane tarumbeta zilikuwa nyuma, ngoma iko mbele, na ya kumi wimbo ukamwagika wote. Mmoja mmoja wakaacha kupuliza. Leonard peke yake akaendelea, ta, ta, ta, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka akamaliza mstari wake, akasimamisha vijiti.

“Mpigaji hakukimbia,” alisema Bi. Fairbanks. Aliyasema kwa utulivu, kama anayesoma kipimo. “Mikono ilipunguza. Kiongozi alisikiliza bati.”

Hakujua alichokuwa amesema. Kila mtu mwingine pale alijua.

Harlan alishuka ngazi akiishikilia kwa mikono miwili. Alivuka nyasi mpaka kwa Leonard, na uso wake wote ulikuwa umelegea.

“Miaka arobaini na sita,” alisema, “nimekuwa nikimwambia kila mtu ulikimbia.”

“Najua,” alijibu Leonard. “Mji ni mdogo. Nilikuwa nakusikia.”

Harlan akaondoka kwa kupitia geti la nyuma, chini ya jina lake.

Bi. Fairbanks alimwita Verna pembeni, akamwambia ukweli bila kuuzungusha: hawezi kuwaleta vijana hapa. Fainali itakwenda kusini. Alimshukuru, akamshika mkono kwa muda mrefu, akaingia kwenye gari lake. Wengi wa wale mia nane walikuwa wamekwisha kuondoka pia, na hakuna aliyemuaga Verna. Yule mwanamke wa kanisani alichukua soseji yake akapita akitazama pembeni.

Verna akakaa kwenye sanduku la barafu lililopinduliwa na kulia waziwazi. Ilimuuma, tena sana. Asije mtu akasema haikumuuma.

Leonard akaja kukaa karibu naye, vijiti bado viko mkononi. Wazee wawili, wote wananuka moshi.

“Lenny,” alisema Verna, “nina jambo la kukuambia, na ni baya. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa hatua sita mbele yako. Na miaka yote hii nilimwamini Harlan. Nilikutetea kwa watu, lakini moyoni niliamini ulikimbia.”

Leonard alivitazama vile vijiti, akavigeuza.

“Mbona hukuwahi kujitetea?” akauliza Verna. “Hata mara moja?”

“Ningejiteteaje?” alisema Leonard. “Hata mimi niliamini.”

Kisha akauliza kama kuna soseji iliyobaki, na sauti ikamkatikia katikati ya neno.