Kipande Kilichozidi Milimita Tatu

Niite mwongo ukipenda, lakini haya niliyaona mchana, nikiwa na akili timamu, ndani ya handaki la maji tulilokuwa tukijenga upande wa Karungu.

Ngoja nikueleze kwanza, si vigumu. Ukuta wa handaki hupangwa kwa vipande vya zege vilivyopinda, mpaka duara likamilike. Tulivimimina Kendu Bay katika kalibu za chuma, lori likavipeleka. Mimi nilikuwa mpimaji. Kipande kikizidi hata kidogo, hakikai sawa na jirani yake. Jeki za mashine ya kuchimba zikikisukuma ili isonge mbele, nguvu yote hulemea mahali pamoja, na zege hupasuka.

Siku moja chembe ya zege kavu ilisahauliwa kwenye maungio ya kalibu. Kipande kikatoka kimezidi milimita tatu. Nilijua. Lakini lori lilikuwa linangoja, na Otieno, fundi wa jeki kule Karungu, alikuwa amenipigia simu akinicheka kwamba napima handaki kama anayeshona gauni la harusi. Nikatia sahihi.

Kilipokwisha kufungwa, nilienda kukiangalia. Otieno na wenzake walikuwa wakifanya kazi mbele zaidi, ndani. Kipande kilikuwa kimepasuka kona hadi kona, na mtu nisiyemjua amekikinga kwa mgongo, miguu ameikita.

"Omera, ndugu yangu, nani alitia sahihi hapa?"

Nikamwambia ni mimi.

"Basi njoo ushike. Nimechoka."

Wewe ungefanya nini? Nikaweka mgongo. Alipogeuka kuondoka, niliona shati lake limelika nyuma, na ngozi yake bapa, ya kijivu, ina ufa uleule. Uzito ulionishukia siwezi kuusimulia. Nikawaita wenzangu watoke, mpaka sauti ikakauka. Wakapita mmoja mmoja, Otieno wa mwisho, akiniuliza mbona naegemea ukuta kama mlevi. Nikachomoka naye, ukuta ukaporomoka nyuma yetu, maji yakafuata.

Tulisalimika sote. Hakuna aliyemwona yule mtu. Hospitalini hawaoni kitu, ila mke wangu hanisugui tena mgongo. Anasema ni baridi, na kuna mstari unaorefuka.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza kazi hii, utaiweza, usiogope. Pima kwa utulivu. Kikizidi kikatae, hata wakucheke, hata lori lipige honi. Kalibu ile ilitoa vipande vingine vinne kabla chembe haijaonekana, navyo vimo ukutani. Nimeripoti, wakaguzi wamevipiga tochi wakasema viko imara. Sijui ni nani anavishikilia.