Niliinua Prado la marehemu baba inchi mbili, nikajaza tairi mahali pa tope

Kwa wiki tatu sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya swali moja: nikiinua bodi ya gari la marehemu baba, nitakuwa nimelitengeneza au nimeliharibu?

Wakuu, habari za leo. Haya nimeyapitia mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nimekosea.

Mimi ni mhitimu, bado natafuta ajira, naishi Tabora mjini na mama. Baba alituachia Prado la zamani la dizeli. Kazi yake kubwa ni moja: kila mwezi namfuata shangazi, dada yake baba, kijijini huko ndani ya Puge, namleta kliniki ya presha, hospitali ya Kitete hapa mjini.

Kiangazi ni safari ya kawaida. Mvua zikianza, ukiacha lami tu unakutana na mbuga, ule udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi.

Msimu uliopita tulikwama humo naye akiwa ndani ya gari, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Tulipotoka aliniambia, "Baba, mimi mvuani sipandi tena. Nitakuja kiangazi."

(Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.)

Presha haisubiri kiangazi. Hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za body lift na tairi kubwa.

Kwa wasiojua, body lift ni kuweka vipande vya kunyanyua kati ya bodi na chesi. Difu, lile tumbo la ekseli linaloning'inia chini ya gari, inabaki pale pale, ila juu ya tairi panapatikana nafasi, kwa hiyo unaweza kufunga tairi kubwa zaidi. Hizo tairi ndizo zinazonyanyua difu.

Nilisoma kila kitu. Nikaogopa kila kitu. Je, chuma cha usukani kitafika chini? Mpira wa rejeta utavutika? Feni itakata kava lake? Na shangazi na goti lake, atapanda vipi?

Siku moja nilipanga matofali uani, nikamwomba mama apande juu yake nione kimo kipya cha mlango.

"Wewe," mama akasema akiwa juu ya matofali, "ukipata kazi, hao watakaokuajiri watapata taabu."

Basi nikaenda kwa fundi Rajabu. Ana gereji hapa mjini na alilijua gari hili tangu enzi za baba. Nilimpelekea maswali yangu kwenye daftari. Akasoma ukurasa mmoja, akanirudishia.

"Bwana mdogo, wewe umesoma. Gari halijasoma. Tufungue tuone."

Kusema kweli alifanya kazi safi. Vipande vya alumini vya inchi mbili vilichongwa kwa fundi wa mashine, bolti zikawa ndefu, kiungio cha usukani kikaongezwa, kava la feni likashushwa, mipira ya breki akaikagua mmoja mmoja. Chini ya mlango wa mbele akachomelea ngazi kwa ajili ya shangazi.

Kosa ni langu mimi. Tairi za mwanzo zilikuwa 265/70/16. Nilichagua 285/75, mud terrain, yaani tairi za tope, pana na ndefu zaidi. Rajabu aliniuliza kama nina hakika na upana huo. Nikamjibu nimepima.

Na kweli nilipima. Nilikata usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, nikapandisha gurudumu moja juu ya tofali. Hakuna mahali palipogusa. Nilipima uani, pakavu, gari likiwa safi.

Mjini watu waligeuza shingo. Nikiri kwamba nilizunguka sokoni mara mbili bila shida yoyote ya sokoni.

Siku ya kliniki ilipofika niliondoka alfajiri. Lami hadi Puge, nikachepuka, nikaingia mbuga kwa four-wheel nzito. Mita mia za mwanzo nilikuwa natabasamu peke yangu.

Kisha usukani ukawa mgumu. Injini ikaanza kuhema. Gari likasimama, na wala halikuwa limezama. Nikashuka nikaangalia. Udongo umejaa kati ya tairi na fenda, umeshindiliwa kama tofali. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamebanwa, hayazunguki.

Akaja baba mmoja wa makamo, anasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa. Tukasalimiana. Akalizunguka gari lote.

"Refu hivi, na limesimama?"

"Tope limebana, mzee."

"Sasa hapa," akachomeka kijiti juu ya tairi, kikagoma kuingia, "ndipo tope linapopita. Wewe umeweka tairi. Tope lipite wapi?"

Akanionyesha baiskeli yake. Haikuwa na madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu.

"Huku mvua ya kwanza ikinyesha tunayavua. Tunayarudisha kiangazi. Bora nichafuke mgongo kuliko kubeba baiskeli begani. Hili lako utalibebaje?"

Akacheka, nami nikacheka kwa kulazimika. Tulikwangua kwa vijiti karibu saa nzima, nikageuza. Kwa shangazi sikufika.

Nilimpigia simu. Hakunilaumu, na hilo liliuma zaidi. Alisema tu vidonge vimebaki vya siku tisa na kwamba nisijisumbue.

Jioni hiyo nikaanza tena. Nitoe body lift? Nirudishe tairi za zamani? Rajabu alisema tukate fenda. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari, nikaandika faida na hasara, kisha nikaona kabisa ninachofanya. Nilikuwa nahesabu badala ya kuamua, na siku tisa zinakwenda.

Nikalifunga daftari.

Asubuhi nikarudi gereji. Inchi mbili nikaziacha. Zile tairi pana nikambadilishia jamaa mmoja anayeendesha barabara ya Igunga, yeye akanipa 235/85: nyembamba, lakini bado ndefu kuliko za mwanzo. Halafu mimi na Rajabu tukavua plastiki zote za ndani ya fenda za mbele, kama wale wa baiskeli.

Siku ya sita niliingia mbuga ile ile, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Tope lilipanda, likazunguka, likadondoka. Gari likawa chafu hadi kwenye paa. Halikusimama.

Shangazi aliitazama ile ngazi, akaikanyaga, akakaa. Kwenye mbuga alishika kiti kwa mikono miwili. Kitete alipimwa, akapewa dawa, akaandikiwa tarehe ya mwezi ujao, mwezi wa mvua kubwa.

Akanipa kadi nimsomee. Nikamsomea.

"Basi uje mapema," akasema. "Leo tumekuta foleni."

Wakuu, nilichojifunza: nafasi juu ya tairi si lazima uijaze kwa sababu ipo. Kabla ya kuchagua size, waulize wanaopita njia hiyo kila siku, hata kama wanapita kwa baiskeli. Na kupima gari likiwa safi uani ni nusu ya kupima.

Sasa nawaachia nyinyi. Wenye gari za namna hii kwenye udongo mweusi, mnatumia upana gani? Na speedometer yangu sasa inasoma chini kidogo, mliirekebishaje? Hata kunicheka ruhusa, mama ameshaanza.