Ulanguzi Wangu Niliuita Biashara

Kosa ni langu, jamani. Msinitafutie sababu.

Nilikuwa na kibanda machimboni, huko ndani ukitokea Runzewe. Nauza unga, sabuni na petroli. Masika yaliyopita mvua ikakata barabara, siku tatu haikufika hata pikipiki. Petroli ikabaki kwangu tu.

Nikapandisha bei mara tatu!

Siku ya nne asubuhi akaja Baba Kulwa, kiongozi wa shimo moja la dhahabu, tope hadi kiunoni. Alitaka petroli ya pampu inayovuta maji shimoni.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Nipe madumu mawili."

Nikamtajia bei.

"Mayu, huu ni ulanguzi."

Nikacheka! "Walanguzi ni wale matajiri wanaoficha sukari kwenye maghala. Mimi natafuta riziki."

"Kulangua ni kumkamua mtu kwa sababu unajua hana pa kwenda. Hata kibandani mtu analangua. Ongeza kidogo nitalipa, lakini si hivi. Nina vijana wawili chini."

"Kama huwezi, acha."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu! Akaondoka na dumu moja.

Kabla ya adhuhuri tukasikia mayowe. Pampu imeishiwa petroli, imezimika, maji yanapanda, watu wako chini. Nikanyakua dumu, nikakimbia peku kwenye tope.

Nilichelewa. Baba Kulwa alikuwa ameshuka mwenyewe kuwafunga vijana kamba. Wao walivutwa wakatoka wazima. Yeye ukuta wa shimo ulimwangukia mgongoni.

Hakuna aliyenitukana. Mama Kulwa alilitazama tu dumu mkononi mwangu, akauliza taratibu, "Na hili sasa ni bei gani?"

Mungu wangu! Nikaliweka dumu kwenye tope, nikarudi nyuma.

Baba Kulwa yu hai, ila hatembei tena. Wateja wakanihama mmoja mmoja, nikafunga kibanda, nikahamia Buseresere. Nikienda kumwona, yeye huitikia salamu yangu. Mkewe hutoka nje mpaka niondoke.

Wewe mwenye duka unayesoma hapa, siku barabara ikikatika ukabaki peke yako na bidhaa, nakusihi, uza kwa bei ya jana.