Joto Liliondoka, Kiu Ikabaki

Mimi ni mtu wa kushuku. Nashuku maziwa ambayo tarehe yake haijapita. Nashuku barua yenye habari njema. Hata sentensi yangu ya kwanza hapo juu nimeifuta na kuirudisha mpaka nikachoka nayo. Kiswahili cha kuandika nilijifundisha mwenyewe, kutoka kwenye magazeti ya zamani ambayo Bibi aliyafungia vikombe vyake alipohama, kwa hiyo nayashuku pia maneno yangu. Nasema haya mapema ili msomaji ajue ni macho ya nani yaliyoyaona ninayoyasimulia.

Tulikuwa watatu katika nyumba ya kaunsili, ya kupanga kwa halmashauri ya mtaa, Wembley, London: Bibi, Mama na mimi. Mama alitangulia kutoka Unguja. Bibi na mimi tulimfuata katikati ya miaka ya tisini, kabla sijaanza shule. Mama alipata kazi ya kutunza wazee wa Kizungu, shifti ya asubuhi. Alitoka mimi bado nimelala na kurudi miguu imemvimba. Aliyenilea ni Bibi, na mimi nikawa ulimi wake: nikimsomea barua zake, nikimsemea kwa daktari, nikigombana na watu wa gesi kwa niaba yake.

Kwa Bibi, London haikuwa na majira. Ilikuwa na tabia mbaya. Kila jioni alikaa mbele ya televisheni kumsubiri bwana wa hali ya hewa, kama mtu anayemsubiri mdeni asiyelipa.

"Muongo huyu," alisema. "Jana kasema manyunyu. Manyunyu gani yanamrowesha mtu mpaka mifupa?"

"Basi mbona unamtazama, Bibi?"

"Adui humpi kisogo."

Maradhi yote aliyatwika hali ya hewa. Goti likiuma ni baridi. Kichwa ni upepo. Mikono ikifa ganzi ni ule ukungu wa Novemba, ambao aliamini unapita chini ya milango. Hata kifo cha mama yake mzazi, huko Unguja, alikisimulia hivyo: kipupwe kilimwingia, akakonda, akaisha. Nilipokuwa mdogo niliamini. Nilivaa soksi kitandani mpaka Juni.

Kisha likaja joto la mwaka 2003. Agosti ile treni zilikwenda pole pole kwa kuhofia reli zisipinde, na majani ya bustani za watu yakageuka rangi ya jamvi. Majirani walifungua kila dirisha. Bibi alifunga yetu yote. Upepo wa joto, alisema, ndio unaoua. Alikaa ndani ya kanga mbili akinywa sharubati, bilauri baada ya bilauri, akilalamika kwamba haikati kiu. Siku moja nilirudi kutoka maktaba nikamkuta ameketi sakafuni jikoni, midomo imekauka, akiniita kwa jina la Mama.

Hospitali walisema ni sukari, na kwamba imekaa mwilini muda mrefu. Daktari alitaka kujua kama alikuwa akisikia kiu. Nilimtafsiria.

"Muulize," Bibi alisema, "joto hili, nani asiyekuwa na kiu?"

Lakini jioni tuliporudi nyumbani, bila kuulizwa, alianza kunisimulia upya habari za mama yake. Safari hii kipupwe hakikuwamo. Alisema mama yake alikuwa akinywa maji mtungi mzima. Alisema kila alipotoka kujisaidia nyuma ya nyumba, sisimizi walijipanga mstari kuelekea pale, na jirani mmoja mtu mzima alipowaona akatikisa kichwa, kwani zamani ndivyo watu walivyoijua sukari.

"Na huku?" nikauliza.

"Huku unavuta maji, kila kitu kinakwenda. Sisimizi watapata wapi habari?"

Tangu siku ile nikaanza kushuku hali ya hewa yenyewe. Nilisoma kila kitabu cha maradhi kilichokuwamo maktaba, nusu sikukielewa. Nilimwona akilini mama yake Bibi akitembea kwenda kisimani, akitwanga, akila muhogo na samaki, na bado sukari ikamfikia. Nikamwona Bibi wa Wembley, ambaye safari yake ndefu ni kutoka kochi hadi jiko, kwa kuwa nje kuna utelezi. Nikamwona Mama akila wima biskuti za wazee anaowatunza, mlo wake wa mchana. Nikajiona mimi na chipsi zangu ndani ya basi. Niliacha sukari kwenye chai wiki hiyo hiyo, nikawa natazama vikombe vya wenzangu kama askari wa forodha.

Bibi alipewa vidonge. Nilimnunulia kiboksi chenye vyumba vya siku za wiki, na kila Jumapili nilikijaza mimi, nikikagua na kukagua tena. Kila jioni nilikuta chumba cha siku ile kiko kitupu. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Halafu, kuanzia majira ya baridi ya mwaka 2007, damu yake ikaanza kuharibika. Ilipofika mwisho wa 2008 alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu kisichofunga. Muuguzi wa kliniki aliniambia wazi kwamba kisipopona kufikia machipuko, kidole huenda kikakatwa.

"Anameza dawa?" aliuliza.

"Anameza," nikasema. "Kiboksi nakiona kitupu."

"Damu yake inasema hamezi."

Nilipomtafsiria, Bibi alitazama ukutani. "Mwambie kidole hiki nimetoka nacho Unguja, na nitazikwa nacho."

Pale Wembley kulikuwa na mwenye duka la dawa, Mhindi wa Kisumu, ambaye alizungumza na Bibi Kiswahili na kumwita mama. Nilimwendea kwa siri.

"Dawa mnachukua kwa wakati, hakuna shida," aliniambia. "Sasa kama inatoka kwa boksi na haifiki kwa damu, inaenda wapi? Hiyo ni kazi yako, dada. Tafuta."

Nikatafuta. Hakuna nilichobakiza. Nilipapasa chini ya godoro lake. Nilichokoa udongo wa chungu cha mrehani dirishani. Nilinusa kikombe chake cha chai. Nilifungua mfuko wa mashine ya kufagilia mazulia nikaupekua kwa uma. Sikupata hata nusu kidonge. Siku moja alinikuta nimepiga magoti nyuma ya kochi lake, taa ya mkono mdomoni.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyonitania tangu utoto, "bwana hayumo humo. Kama unamtafuta, keshakufa zamani."

"Bibi, vidonge unavipeleka wapi?"

"Vidonge vinaliwa."

"Apa."

Aliacha kucheka. "Mtu haapishwi kwa vidonge," akasema, akaenda zake kutia udhu.

Bibi alikuwa mtu wa kuapa. Aliapa juu ya bei ya vitunguu. Kukataa kwake kulinitisha kuliko kidonda chenyewe. Nilijua sasa kwamba kuna uongo ndani ya nyumba yetu, na sikujua umelala wapi. Mama nilipomweleza, alikuwa amevua viatu akisugua nyayo zake.

"Mwache bibi yako," alisema. "Baridi hii imemchosha kila mtu. Mimi mwenyewe nyayo sizisikii."

Nilimwamini. Kwa macho yangu yote ya kushuku, Mama sikuwahi kumtazama. Alikuwa ndiye anayefanya kazi, na mtu anayefanya kazi katika nyumba yetu alikuwa mzima kwa sababu tulihitaji awe mzima.

Mwanzoni mwa Februari 2009 theluji ilianguka. Bwana wa hali ya hewa aliitangaza na Bibi akambishia, na asubuhi tukaamka London imezimika. Mabasi yote yalisimamishwa, kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Nilikaa dirishani chumbani kwangu nikamwona Mama, aliyekuwa ametoka kwenda kituoni, akirudi taratibu katikati ya barabara tupu, akishika kuta za bustani za watu. Alikuwa akitembea kama asiyejua ardhi iko wapi. Nikadhani ni theluji.

Niliteremka kwa soksi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa amesimama na kiboksi mkononi, Mama ameketi na bilauri ya maji, na pembeni bilauri nyingine iliyokwisha kunywewa.

"Meza upesi," Bibi alisema, "kabla askari wetu hajashuka."

Mama akapokea kidonge kiganjani, akakimeza.

Nilisukuma mlango. Hakuna aliyeruka wala kupiga kelele. Bibi alifunga kiboksi kwa kidole gumba, tap, kama mtu aliyefunga duka.

"Toka lini?" nikauliza.

"Toka baridi ya mwaka juzi," alisema Bibi.

"Mama, una sukari?"

"Sijapima."

"Basi unajuaje?"

Bibi ndiye aliyenijibu. "Lile joto la mwaka 2006, mama yako alikunywa maji nikasema jua. Joto likaondoka, kiu ikabaki. Desemba, nje barafu, mtu anaamka kunywa maji. Nikasema, hii si hali ya hewa tena. Hii naijua. Ni ya mama yangu."

"Ukampa dawa zako?"

"Mwanangu huyu. Nimpe za nani?"

Vidonge vya asubuhi vilikwenda kwa Mama, vya jioni alimeza Bibi. Nusu ya dawa kwa kila mmoja, na wote wawili wakiharibika pole pole chini ya kiboksi changu safi. Kwetu dawa huazimwa. Jirani akipona kikohozi, chupa yake huhamia nyumba ya pili, na mtu akikataa kutoa huitwa mchoyo. Bibi aliona anafanya jambo jema, na kidole chake alikihesabu kuwa ndiyo gharama yake.

"Kwa nini hukwenda kupima?" nilimuuliza Mama. Sauti yangu ilikuwa ya yule muuguzi, nikaisikia na sikuipenda.

Mama alitazama bilauri. "Nawaosha watu miguu kila siku," alisema. "Wengine naosha mguu mmoja, wa pili haupo. Na wote walianza na karatasi ya vipimo kama hiyo unayoitaka wewe. Nilitaka niendelee kuwa mzima kidogo."

"Hukuwa mzima."

"Najua. Nilitaka kuwa."

Tulikaa jikoni asubuhi nzima, watatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi. Nje watoto wa mtaa walikuwa wakirushiana theluji. Nilimtazama Mama kwa mara ya kwanza kama nilivyozoea kumtazama Bibi: kola iliyolegea shingoni, midomo yenye mikwaruzo, mkono ukielekea kwenye bilauri bila yeye kujua. Ishara zote zilikuwa wazi. Kila moja tulikuwa tumeifunika kwa jua, au kwa ukungu, au kwa barafu.

Theluji ilipoyeyuka tulikwenda kliniki pamoja. Mama anajua Kiingereza vizuri, ndicho anachofanyia kazi, lakini alipoulizwa anasumbuliwa na nini alinigeukia mimi. "Sema wewe," akasema. Nikasema.

Mama alipata kiboksi chake. Bibi akakifunga uzi mwekundu cha kwake, ili, alisema, wasichukuliane tena vidonge kama waume. Kidonda kilikaa kinatishia mpaka Aprili, kisha kikaanza kujivuta ndani kutoka pembeni, kama dimbwi linalokauka. Kidole kimebaki. Ni cheusi kidogo kwenye ncha, na Bibi humwonyesha kila mgeni.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Agosti. Nakumbuka Ramadhani za utoto wangu, zilizokuja Desemba na Januari. Jua lilituaga tukiwa bado njiani kutoka shule, na Bibi alisema saumu ya London ni kifungua kinywa kilichochelewa tu. Sasa ilikuwa imesogea mpaka kwenye siku ndefu zisizotaka kuisha. Daktari aliwakataza wote wawili kufunga. Walilia, wakatoa fidia kwa maskini, wakakubali. Nikafunga mimi peke yangu.

Magharibi ya siku moja ya joto nilikunywa bilauri ya maji bila kupumua. Nikajaza ya pili. Nayo nikaimaliza. Bibi na Mama walikuwa wameacha kukata matunda, wananitazama.

"Hiyo kiu," Bibi alisema, "ya saumu au ya nini?"

"Ya saumu, Bibi. Kulikuwa na jua siku nzima."

"Aha. Jua." Alimtazama Mama. Mama alimtazama yeye. Niliujua mtazamo ule. Nilikuwa nimeuvaa miaka mingi.

"Apa," alisema Mama.

Nilifungua mdomo, nikakuta kwamba siwezi. Sikuwa na hakika.

Bibi alionyesha kwa kisu ufa ulio chini ya mlango wa nyuma, ambapo kila Agosti hutoka mstari mwembamba mweusi. "Wapo hapo sisimizi wa Kizungu, mke mwenzangu. Nenda bustanini ukawaulize."

Nilicheka mpaka maji yakanipalia. Mama hakucheka. Aliondoa bilauri mbele yangu, akaisuuza, na kabla ya kuniandalia uji akasema kwamba Jumatatu hatakwenda kazini, atanipeleka kliniki, na kwamba safari hii atakayesema kwa daktari ni yeye.