Matofali ya Kijani Chini ya Baraza

Mtaani kwetu bondeni hakuna mtu ambaye hajavaa kazi ya Mama Vifungo. Ndiye fundi cherehani wetu, mjane asiye na mtoto, mdomo umejaa pini toka asubuhi, hata salamu anakuitikia kwa pua. Ukimpelekea suruali apunguze kiuno, anakutazama tumbo kwanza, halafu anakushauri uiache ilivyo. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na nikipandisha hasira katikati, nivumilieni.

Kwetu mto hufurika. Ndiyo maana halmashauri ilichora mstari mwekundu kwenye nguzo ya umeme pale kona, ikatangaza sheria: anayejenga au kukarabati nyumba bondeni, sakafu yake ipite juu ya mstari. Ukikarabati chini ya hapo na maji yakaingia, hupewi kibali tena. Nyumba inavunjwa, nawe utajua pa kwenda. Wengi tulinung'unika. Mama Vifungo hakunung'unika. Aliivunja nyumba ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe, akasema ataiinua mara moja tu, na baada ya hapo hahami mpaka abebwe.

Kazi alimpa kaka yake. Angempa nani mwingine? Kaka mtu ni mwashi, mtaa mzima tunamwita Fundi, na ndiye aliyemlea dada yake wazazi wao walipofariki. Dada peke yake ndiye aliyekuwa akimwita kaka, kwa sauti ya mtoto mdogo, mwanamke mzima mwenye mvi. Nyumba ya Fundi iko ng'ambo ya barabara, bondeni vilevile, na msimu huo naye alikuwa akiinua ya kwake.

Kupima kwetu ni kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Mwenye nyumba anashika ncha moja kwenye mstari wa nguzo, mwashi anashika nyingine kiwanjani. Maji yakitulia, yalipofika huku ndipo yalipofika kule, na hapo mwashi anapigilia kigingi mpaka kichwa chake kilingane na maji. Mwenye nyumba akishashika mpira, basi ameshuhudia. Mama Vifungo alishika, mkono juu, pini mdomoni, bila kutikisika. Kigingi kikapigiliwa. Akarudi kwenye cherehani yake, ambayo tulikuwa tumeihamishia kwangu, akawa anashona sare za shule huku akinisifia kaka yake, kwamba amerithi mkono wa marehemu baba yao. Hakwenda kupima tena. Kigingi kilikuwepo na kaka alikuwepo, sasa apime nini?

Matofali ya nyumba ya zamani yalikuwa ya kunyanyulia msingi mpya. Ya jikoni ungeyatambua popote, kwa sababu alikuwa ameyapaka kijani mwenyewe, kijani cha kuumiza macho. Fundi alisema yote yameingia chini na yametosha. Nyumba ikaisha, tukakaa sakafuni tukanywa soda, na Mama Vifungo akamwombea kaka yake maisha marefu.

Mvua ilipokuja, maji yalipanda mchana kweupe. Yaliingia kwa Mama Vifungo bila hodi, yakafika kwenye kanyagio la cherehani. Tulibeba kichwa cha cherehani na nguo za watu mpaka kwa Fundi, ambako sakafu ilikuwa kavu kabisa. Wifi yake, mke wa Fundi, alitupokea kwa taulo lakini hakututazama usoni. Nilidhani ni huruma.

Maji yalipopungua, lipu ya chini ya baraza la Fundi ilikuwa imebanduka kwa kulowa. Nyuma yake kulikuwa na kijani. Mama Vifungo alikuwa ameketi ngazini akikamua nguo za wateja. Aliinama, akayapapasa matofali, akalipata lile lenye masizi ya jiko lake. Alitema pini zote chini. Sijawahi kumwona akitema pini.

"Kaka, haya yanafanya nini hapa?"

Fundi akajikuna kichwa, akasema matofali ya rangi hiyo yako mengi mjini. Haikupita muda bwana wa halmashauri akafika na mpira wake, akapima sakafu ya dada mtu. Ilikuwa chini ya mstari kwa matofali mawili mazima. Siku ya kupigilia kigingi Mama Vifungo aliushika mpira sawasawa, tulimwona. Kilichobaki ni kigingi. Fundi alipoona hana pa kujificha, akakiri. Dada yake alipogeuza mgongo, alikigonga tena kikashuka, na matofali yaliyobaki akayavusha barabara kwa toroli.

"Hayakutosha nyumba mbili," alisema. "Mimi nina watoto, mdogo wangu. Wewe uko peke yako."

"Peke yangu?" akauliza Mama Vifungo. "Kwani wewe ulikuwa nani?"

Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu alijiganga vizuri tu, na dawa akaichukua kwa mgonjwa. Nyumba ilipigwa alama ya kuvunjwa siku hiyohiyo. Nililia mimi, mwenyewe hakulia, na hilo lilinitisha zaidi.

Wifi yake alimpa chumba cha ndani. Alikikataa, akaiweka cherehani barazani, juu kabisa ya yale matofali.

"Chumba ni chenu," alisema. "Baraza ni langu."

Yuko hapo mpaka leo. Usiku analala kwangu, asubuhi anavuka barabara kwenda kushona. Wateja wakimuuliza kwa nini amehama, anawaonyesha chini kwa kidole cha mguu, na anaendelea na kazi. Fundi akitaka kutoka kwake mwenyewe, lazima apite ubavu. Na kila asubuhi, akipita, anamsalimu kwa upole kama zamani.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

Sisi wengine bado anatuitikia kwa pua. Kwa huyu anatoa pini mdomoni moja moja, zote, anazipanga juu ya meza, ili asikike vizuri.

"Salama, Fundi."