Matairi Mapana ya Mkwe

Kwa miaka kumi na minane, hakuna gari lililowahi kutoka gereji ya Mama Rimu na matairi ya saizi ngeni bila kwanza kukalishwa watu. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu mumewe, na ndivyo alivyowachosha majirani. Ukimpelekea kigari cha mbio, kile cha chini chini ambacho vijana hupenda kukivisha matairi mapana, kwanza atasoma kibandiko cha kiwanda kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha atapiga hesabu zake kichwani: upana wa tairi, kimo cha ubavu wake, ukubwa wa rimu. Rimu ikikua, ubavu sharti upungue, ili gurudumu zima lisizidi kimo lilichozaliwa nacho. Mwisho atapiga ukelele ng'ambo ya barabara, na Tani Moja, mwenye mashine ya kusaga, atakuja akijikung'uta unga, ajisukume kwenye kiti cha nyuma pamoja na yeyote aliyejipitia zake. Gari likishabonyea, Mama Rimu hupenyeza vidole viwili kati ya tairi na ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Vikipita, safari njema. Visipopita, ufunguo huupati hata ulie machozi ya damu.

"Siku nikikonda, huyu mama atafunga gereji," Tani Moja hupenda kuwaambia wateja.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Alikuja na kigari chekundu cha milango miwili, na nyuma amepakia rimu mpya nne zikiwa tayari zimevaa matairi. Kibandiko cha mlangoni kilisema mia moja tisini na tano, hamsini, rimu ya kumi na sita. Matairi mapya yalisema mia mbili kumi na tano, arobaini na tano, rimu ya kumi na saba. Mama Rimu hakuhitaji kalamu. Kwa upana ule na rimu ile, ubavu ulitakiwa uwe arobaini. Haya yangezidi kimo kwa zaidi ya sentimita mbili.

"Baba, naona haya yamezidi kimo kidogo," alisema, macho chini.

"Aa, mama, wenzangu wote wanatembelea haya haya. Si unaona yanavyojaza? Nifungie tu, nimeshachelewa. Binti yako na yule bwana wako mdogo wananingoja mlangoni na mizigo."

Alikuwa akitania, akimwita mwanawe hivyo, na Mama Rimu akacheka kumridhisha. Angekuwa mteja mwingine angemtimua. Aliwahi kumshusha hakimu garini na kumwambia akatafute matairi ya saizi yake. Lakini huyu ni mkwe, na mwezi mmoja tu uliopita binti alikuwa amerudi kwa mama yake na begi, wakapatanishwa kwa taabu. Mama Rimu hakutaka kuwa yeye wa kuchokonoa kidonda kibichi. Akafunga. Akapenyeza vidole gari likiwa tupu, vikapita kwa kubanwa. Akasema, "Nendeni salama, baba," na kigari kikaondoka kikinguruma.

Saa nne Tani Moja aliingiza pikapu yake kujaza upepo.

"Lile jekundu la mkwe mbona hukuniita nikalikalie? Au siku hizi mkwe hapimwi?"

Mama Rimu alianza kucheka, akaacha katikati. Nyuma ya kigari kile sasa kulikuwa na mjukuu wa miaka minne, mabegi, na zawadi za kupeleka kwa wazazi wa mkwe, chini kabisa mlimani, kona baada ya kona. Kwenye kila shimo bodi ingeshuka, na ukingo wa madigadi, bati kali lililokunjwa, ungekuwa unachonga tairi. Alipiga simu ya binti. Iliita mpaka ikakata. Akapiga ya mkwe, haipatikani. Akayageukia magurudumu yaliyotolewa asubuhi kwenye kigari, akaliviringisha la kwanza kuelekea pikapu.

"Twende," alisema. "Usiniulize. Twende."

Walitupa kwenye pikapu magurudumu manne ya zamani, jeki na spana, wakashika njia ya kushuka mlima. Tani Moja alikanyaga mafuta. Mama Rimu alikuwa akiitazama barabara kama mtu aliyedondosha pete. Kipande cheusi cha mpira kando ya lami kilimfanya apige yowe. Kilikuwa cha lori, kizee, kimejaa vumbi. Kwenye kona ya tatu aliona watu wamekusanyika ukingoni wanachungulia bondeni. Tani Moja alipunguza mwendo. Walikuwa wakimchungulia ng'ombe aliyeteleza. Mama Rimu alijiinamia, akisema jina la Mungu na namba za yale matairi kwa pamoja. Watu husema majuto ni mjukuu. Wa kwake alikuwa amefungwa mkanda kiti cha nyuma.

Aliwakuta kwenye vibanda vya matunda, pale barabara inapoanza kuwa mbaya. Wazima wote. Mjukuu alikuwa akila ndizi, binti akijinyoosha mgongo, mkwe ameegemea gari lake akilifurahia.

"Mama! Kulikoni?"

Hakumjibu. Alipiga magoti, akaingiza mkono juu ya gurudumu la nyuma, upande aliokaa mtoto. Kidole kilikuta mfereji uliochongwa kwenye mpira, na ndani ya mfereji kilikuta nyuzi za tairi. Alipoutoa mkono ulikuwa mweusi kwa unga wa mpira, na moto.

"Tuhamishie mizigo kwenye pikapu," mkwe alisema baada ya kuonyeshwa, sauti imepungua. "Zimebaki kilomita thelathini. Nitakwenda polepole, mama."

Mama Rimu aliingia mlango wa dereva, akachomoa ufunguo, akautia kifuani mwa gauni lake.

"Humu haingii mtu," alisema. "Mkwe au si mkwe. Haya si matairi ya gari hili. Niliyajua tangu nilipoyaona, nikayafunga kwa kukuonea haya. Mjukuu wangu nilimkalisha juu ya wembe kwa kukuonea haya wewe!"

Mkwe aliinamisha kichwa. Tani Moja alijifanya anachagua machungwa.

Binti alimvuta mtoto kwake, akamshikilia kwa mikono miwili mpaka ndizi ikaanguka.

"Mama," alisema taratibu, "maneno haya asubuhi yalikuwa wapi?"

Mama Rimu aliufuta mkono ule mweusi kwenye gauni lake. Kisha akachukua spana na kuinama kwenye nati ya kwanza, na spana ikagongagonga chuma bila kuishika. Ikabidi mkwe aichukue mikononi mwake, afungue mwenyewe.